Nusu ya Chini ya Kalenda: Maswali ya Wasomaji Kuhusu Sanaa ya Safari

Kati ya barua zilizotufikia kwa ajili ya toleo hili nimechagua nne ambazo waandishi wake hawajuani, lakini zote zinagusa jambo moja, yaani kazi za wanafunzi wa sanaa zenye mada ya safari na kuukimbia uhalisia. Nimezifupisha kidogo. Ya kwanza nimeijibu kwa kirefu kuliko nyingine, kwa sababu mwandishi wake ameieleza kazi yake kwa undani kiasi kwamba niliposoma niliona kama nimesimama mbele yake.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi ni mwanafunzi wa sanaa wa mwaka wa mwisho. Mradi wangu ulihusu kuutoroka uhalisia kwa njia ya safari. Nilichukua fremu ya dirisha kuukuu lenye vioo sita, na nyuma ya kila kioo nikabandika picha niliyoichora kwa rangi za maji: ufukwe, mlima wenye theluji, jangwa wakati wa machweo, ziwa, barabara ipitayo msituni na mji wa kale unaoonekana kutoka juu. Mandhari hayo niliyatoa kwenye kalenda za zamani ambazo bibi yangu amezitundika chumbani. Usiku wa kuamkia maonyesho gundi ilishindwa, picha ya ziwa ikajikunja na kuharibika, nikalazimika kuacha kioo kimoja wazi. Mwalimu wangu alisema kuwa kazi ni nadhifu lakini inafanana na tangazo la utalii. Sasa natakiwa kuandika tafakuri ya kurasa nne, na kila nikianza najikuta naandika kwamba safari huburudisha akili na kwamba kila binadamu anahitaji kupumzika. Niandike nini?
*Mwanafunzi wa Mwaka wa Mwisho*

JIBU: Ile sentensi ya safari kuburudisha akili iache kabisa, kwa kuwa hakuna anayeibisha na kwa hiyo haina kazi ya kufanya katika tafakuri. Kilichonisimamisha katika barua yako ni hizo kalenda, ambazo umezitaja mara moja tu na kuzipita. Kalenda humaliza kazi yake tarehe 31 Desemba. Mtu anayeiacha ukutani mwaka unaofuata, na mwingine baada ya huo, haiweki tena kwa ajili ya tarehe bali kwa ajili ya picha, na huyo amekuwa akilifanyia kazi swali la mradi wako miaka mingi kabla yako, bila kuliita mradi. Je, ni kalenda za miaka ipi? Nani alimpa? Ni ipi inayotazamana na kitanda, ile ambayo mtu huiona kwanza anapofumbua macho? Kama hujamuuliza, muulize kabla hujaandika hata mstari mmoja.

Sasa shusha kalenda mojawapo uitazame upya. Juu kuna ufukwe usio na mtu. Chini kuna miraba ya siku, na ukutani mwa watu miraba hiyo mara nyingi haibaki mitupu: kuna siku iliyozungushiwa duara, kuna tarakimu za deni zilizoandikwa kwa penseli na kufutwa nusu, kuna alama ndogo ambayo aliyeiweka peke yake ndiye ajuaye maana yake. Ufukwe na hesabu za maisha vimekaa kwenye karatasi moja, vikitenganishwa na mstari mwembamba. Wewe ulipochora ulichukua nusu ya juu na kuiacha ya chini. Sikulaumu kwa hilo, kwani karibu kila mtu angefanya vivyo hivyo, lakini huo ndio uamuzi mkubwa kuliko yote uliyoyafanya katika kazi hii, mkubwa kuliko uchaguzi wa rangi au wa fremu, na nadhani ndio alioukuta mwalimu wako alipozungumzia utalii. Tangazo la utalii nalo hukata nusu ya chini. Halionyeshi nauli wala foleni, na hasa halionyeshi chumba ambamo anayelisoma ameketi.

Kuhusu chumba hicho, tafuta maktabani au kwenye intaneti picha aliyoichora mchoraji wa Kijerumani Caspar David Friedrich mwaka 1822, ambayo leo iko Berlin. Inamwonyesha mke wake, Caroline, amesimama dirishani katika studio ya mumewe mjini Dresden, ametugeuzia mgongo. Kupitia dirisha tunaona mlingoti wa chombo kilichoko mtoni, miti ya ng'ambo na anga kidogo. Hayo ya nje yamepewa nafasi ndogo mno. Sehemu kubwa ya picha imeshikwa na chumba chenyewe, kuta zake nzito zisizo na pambo na mbao za sakafu. Mtazamaji anaielewa hamu ya mwanamke yule kwa sababu anaona mahali aliposimama, na mwili wake ulivyoinama kidogo kuelekea mwangani humweleza zaidi ya ambavyo ng'ambo ya mto ingemweleza. Dirisha lako wewe lina mandhari matano mazuri lakini halina upande wa ndani. Hatujui nani analichungulia, wala anachungulia akitokea wapi.

Hili halina maana kwamba kazi yako ni mbovu na kwamba tafakuri iwe maombi ya msamaha. Lina maana kwamba una jambo la kweli la kuandika. Anza na mkasi, au kalamu, au jicho, chochote kile ulichokitumia kutenganisha picha na tarehe. Eleza ulivyofanya, ulifikiri nini wakati ule (inawezekana hukufikiri chochote, na hilo nalo liandike), kisha eleza ungekuwa na kazi ya namna gani endapo ungeichora kalenda nzima pamoja na miraba yake. Kurasa mbili kati ya nne zitakuwa zimejaa, tena bila neno hata moja kuhusu akili kuburudika.

Kioo kilichobaki wazi usikigeuze sasa kuwa ubunifu uliokusudiwa. Wasahihishaji wamesoma tafakuri nyingi ambamo kila ajali inadaiwa kuwa wazo, na wanaitambua hila hiyo tangu aya ya kwanza. Sema gundi ilishindwa. Sema pia kwa nini karatasi ilijikunja, kwa sababu hapo kuna elimu ya kazi yenyewe: karatasi hutanuka inaponyonya maji na hujivuta inapokauka, na ndiyo maana wachoraji wa rangi za maji huilowesha na kuibandika kingo zake zote kwenye ubao kabla ya kuanza, au hununua karatasi nzito isiyohitaji kuvutwa. Kisha, ikiwa ulikuwepo kwenye maonyesho na uliona watu walifanya nini mbele ya kioo hicho, andika ulichokiona na usiongeze. Kupitia kioo hicho walikuwa wakiona ukuta wa ukumbi, kitu pekee katika kazi yote kilichokuwa mahali walipokuwa wao.

Nimalizie na neno. Katika barua yako ndefu umeandika "kutoroka" mara tatu, "kukimbia" mara moja na "kusafiri" mara nyingi, kana kwamba ni kitenzi kimoja chenye mavazi tofauti. Lugha yetu haiyachanganyi haya. Anayekimbia ana hatari nyuma yake. Anayetoroka ana mtu au kitu kinachomshika na chenye madai juu yake: mfungwa hutoroka gerezani, mdaiwa humtoroka mwenye deni, na mwanafunzi anayetoroka shule huitwa mtoro, jina ambalo hatumpi mtu aliyekwenda tu matembezi. Anayehama amefunga mizigo na kuaga majirani. Anayetalii ana tiketi ya kurudi mfukoni. Bibi yako mwenye kalenda ni yupi kati ya hawa? Mimi naona si hata mmoja, maana mwili wake haujaondoka mahali. Jicho ndilo lililotoka, likazunguka, likarudi kabla ya chai kupoa. Ukipata kitenzi kinachomfaa barabara, huenda ukapata pia jina jipya la kazi yako, kwa sababu lile uliloniandikia, samahani kwa kusema wazi, ndilo lingefaa kabisa kwenye brosha ya shirika la ndege.

SWALI: Ndugu Mhariri, nimechora mfululizo wa picha nane za nchi za mbali, ilhali sijawahi kusafiri mbali na mahali nilipozaliwa. Wakati wa kujadili kazi darasani, mwenzangu aliniita mwongo mbele ya wote. Je, ni halali kwa msanii kuchora safari ambayo hakuifanya?
*Aliyebaki Nyumbani*

JIBU: Mwenzako angekuwa sahihi, ingebidi tuzishushe ukutani picha nyingi mashuhuri. Henri Rousseau, aliyezaliwa mwaka 1844 na kufariki mwaka 1910, alikuwa mtoza ushuru wa bidhaa zilizoingia Paris. Alichora zaidi ya picha 20 za misitu minene yenye chui, simba na nyani, na hakuwahi kutoka Ufaransa. Majani yake aliyatoa kwenye nyumba za vioo za bustani ya mimea ya Paris na wanyama wake kwenye vitabu vya picha, kisha akayakuza majani hayo mpaka mmea ambao ungetosha kwenye chungu ukamfunika chui mzima. Msitu huo haupo duniani, na ndiyo sababu hatuwezi kuusahau. Kosa la Rousseau, kama tunataka kumtafutia kosa, liko kwingine: aliacha watu waamini kwamba misitu hiyo aliiona Mexico alipokuwa mwanajeshi. Hapo ndipo neno la mwenzako lingefaa.

Joseph Cornell, Mmarekani aliyeishi kati ya 1903 na 1972, alikwenda mbali zaidi katika kutokwenda. Sehemu kubwa ya maisha yake aliishi na mama yake na mdogo wake mwenye ulemavu, ambaye alimtunza kwa miaka mingi, katika nyumba ndogo huko Queens, New York, na hakuwahi kutoka Marekani. Katika chumba cha chini ya nyumba hiyo alitengeneza masanduku ya mbao yenye kioo mbele, na ndani yake akapanga ramani, picha za ndege, vipande vya matangazo na majina ya hoteli za Ulaya ambazo hakulala hata usiku mmoja. Anayeyatazama masanduku hayo hahisi kudanganywa, kwa sababu kila kitu ndani yake kinasema kilikotoka: hii ni karatasi, huu ni msumari, hili ni jina lililokatwa kutoka mahali fulani. Hakuna kinachojifanya Ulaya.

Kwa upande wa pili yupo aliyesafiri kweli. Mchoraji Paul Gauguin aliondoka Ufaransa na kufika Tahiti, kisiwa cha Bahari ya Pasifiki, mwaka 1891, akisema anautafuta ulimwengu ambao ustaarabu wa Ulaya haujaugusa. Alikuta mji wa kikoloni wenye maofisa, makanisa na nguo ndefu za kimisionari, kwani Ufaransa ilikuwa imekitwaa kisiwa hicho rasmi mwaka 1880. Picha zake za miaka ile zinaonyesha kidogo sana cha hayo. Alikuwa amebeba mizigoni picha za michoro ya makaburi ya Misri ya kale na za sanamu za hekalu la Borobudur lililoko kisiwa cha Java, Indonesia, na miondoko ya watu kadhaa katika turubai zake za Tahiti imetoka humo. Alivuka bahari na bado akachora alichokuja nacho. Basi nauli haithibitishi kitu. Bandika kando ya picha zako nane karatasi ndogo inayosema kila moja imetoka wapi, iwe ni kitabu cha jiografia, simulizi la mjomba au skrini ya simu, na umwalike mwenzako azitazame upya.

SWALI: Ndugu Mhariri, mimi si msanii. Nilialikwa kwenye maonyesho ya wanafunzi yenye mada ya safari na kujiweka huru, nikakuta masanduku ya nguo mengi yametundikwa darini kwa nyuzi, yamefunguliwa, na maua ya karatasi yakimwagika kutoka ndani. Watu walipiga picha na kucheka. Mimi niliwahi kuondoka kwetu usiku nikiwa na sanduku moja, na sikuweza kubaki ukumbini. Je, nina haki ya kuudhika, au mimi ndiye sikuielewa sanaa?
*Msomaji wa Siku Nyingi*

JIBU: Uliielewa kuliko walioitengeneza. Sanduku ni kifaa ambacho wanafunzi hukimbilia kwa sababu kinasema "safari" upesi, na kwa haraka hiyo hawajiulizi linasema safari ya nani. Sidhani kwamba walikusudia kukuumiza, wala sioni kwamba wangepaswa kuacha kulitumia sanduku. Ila mtu aliyelibeba halioni kama alama. Anakumbuka alichokiweka ndani, na zaidi anakumbuka alichokitoa ili lifungike.

Mchoraji Mmarekani mweusi Jacob Lawrence alikuwa na umri wa miaka 23 tu alipokamilisha, mwaka 1941, mfululizo wa michoro 60 midogo kuhusu kuhama kwa Wamarekani weusi kutoka majimbo ya kusini kwenda kaskazini. Wazazi wake walikuwa miongoni mwa wahamaji hao. Yeye mwenyewe alizaliwa kaskazini, kwa hiyo alikwenda kusoma maktabani Harlem, mtaa wa New York, akaandika maelezo mafupi ya kila mchoro, kisha akaipaka michoro yote rangi moja kabla ya kuhamia rangi nyingine, ili 60 hiyo isomeke kama kazi moja. Mabegi yamo mengi, na vituo vya treni vimejaa watu. Lakini yamo pia mambo yaliyowaondoa: wadudu walioangamiza pamba, mahakama zisizotenda haki, kamba ya kunyongea. Na wanapofika, wanakuta vyumba vilivyosongamana na ghasia za chuki. Kila begi katika michoro hiyo lina sababu ya kufungwa na lina mahali pa kufunguliwa, jambo ambalo masanduku uliyoyaona darini hayakupewa.

Ikiwa maonyesho hayo bado yapo na yana daftari la wageni, ningekuomba uandike humo sentensi mbili zile ulizoniandikia, kuhusu usiku na sanduku moja. Wanafunzi hao nao watakuwa na tafakuri za kuandika, na sidhani kwamba katika daftari lote watapata msaada mkubwa kuliko huo.

SWALI: Ndugu Mhariri, niliomba ruhusa nikasafiri wiki mbili kwa ajili ya mradi wangu wa kuukimbia uhalisia, nikarudi na daftari lenye michoro minne mibovu. Niandike nini kwenye tafakuri, ilhali hakuna kilichotokea?
*Aliyerudi Mikono Mitupu*

JIBU: Mchoraji wa Kifaransa Henri Matisse alikwenda Tahiti mwaka 1930 akiwa na umri wa miaka 60, akaogelea, akatazama samaki, akapiga picha na kuchora michoro midogo, lakini hakurudi na picha kubwa ya rangi. Mwaka 1946, akiwa mzee aliyedhoofishwa na upasuaji, katika nyumba yake mjini Paris alikata mbayuwayu kutoka kwenye karatasi ya kuandikia barua, akaona ni mzuri mno hata hawezi kumtupa, akambandika ukutani mahali palipokuwa na doa ili alifunike. Akaongeza ndege mwingine, kisha samaki, kisha mwani, mpaka kuta mbili zikajaa bahari na anga ya Tahiti, na humo zikatoka kazi mbili kubwa ambazo leo zimo katika makumbusho. Ilikuwa imepita miaka 16.

Chuo chako hakitakusubiri muda huo, najua. Basi wasilisha daftari kama lilivyo, pamoja na michoro yote minne, na uandike kwa kila siku ya safari ulitazama nini na ulikaa wapi ulipokuwa ukitazama. Na katika ukurasa wa picha ya mwisho, ile ambayo haijakujia, andika tarehe ya kurudi na uuache hivyo.